Tusivitupe vyombo vya mti, tuvitunze

Kumezuka katika miji yetu, na sasa hata vijijini, dhana kwamba chombo cha jikoni kilichochongwa kwa mti ni kichafu kwa asili yake, na kwamba anayetaka usafi hana budi kukimbilia plastiki au chuma. Mwiko wa kusongea sima, kibao cha kukatia mboga, kinu na mchi wake, mbuzi ya kukunia nazi, upawa, chano: vyote hivi vinahesabiwa kuwa masalio ya ushamba, vinavyofaa kutundikwa ukutani ili wageni wavitazame, au kutiwa motoni viwe kuni. Bibi arusi wa leo akitunzwa vyombo huletewa seti za plastiki za rangi saba. Akiletewa kinu, watu hucheka.

Maoni yangu ni kwamba mti unasingiziwa. Nyumba nyingi zinazovitupa vyombo hivi kwa jina la usafi hazijapata hata siku moja kuvitunza inavyostahili, kisha zikavihukumu kwa matokeo ya uzembe wa wenyewe. Mwiko uliolala usiku kucha ndani ya sufuria yenye maji na makoko ya ugali utanuka na kuota ukungu. Lakini je, kosa ni la mwiko?

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo taaluma yangu, na kwa kuwa lugha ni ghala ambamo jamii huhifadhi hata yale ambayo wanajamii wenyewe wameanza kuyasahau. Neno "mwiko" lina maana tatu ambazo kila Mswahili anazijua. Kuna mwiko wa jikoni, kuna mwiko wa mwashi wa kupigia lipu, na kuna mwiko kwa maana ya jambo lililokatazwa. Wanaleksikografia hutenga maana hii ya mwisho na zile za kwanza, wakayahesabu kuwa maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, na hata wingi wao ni mmoja: miiko. Hata hivyo, mzungumzaji wa kawaida hujifurahisha kwa mkutano huo, nami nitaomba ruhusa ya kufanya vivyo hivyo: mwiko una miiko yake. Anayeishika hudumu na chombo chake miaka mingi. Anayeipuuza hununua kila baada ya miezi michache, kisha hulalamika.

Mfano wa pili umo katika sarufi yenyewe. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokwenda pamoja kama kufuli na ufunguo: kuanika na kuanua. Kuanika ni kukitandaza au kukiweka kitu penye hewa na jua kikauke. Kuanua ni kukiondoa pale kilipoanikwa. Lugha nyingine hutosheka na kitenzi kimoja cha kukausha, lakini Kiswahili kimeona haja ya kulipa jina tendo la pili, kana kwamba kinatukumbusha kuwa anayeanika ana deni la kuanua. Deni hilo ndilo wengi wetu hatulilipi. Tunaosha kibao, tunakiegemeza ukutani penye jua la saa sita, kisha tunakisahau mpaka magharibi. Upande mmoja hukauka ukajikunja, upande wa pili ukabaki na unyevu, na ubao uliokuwa sawa ukapinda kama kiatu kilichonyeshewa. Siku ya tatu unapasuka. Hapo tunasema mti haufai.

Yafaa tuelewe mti unavyofanya kazi. Gogo lilipokuwa limesimama msituni lilikuwa na mishipa myembamba mno ya kupandisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Mti ukikatwa na kuchongwa, mishipa hiyo haitoweki. Hubaki wazi, hasa kwenye ncha zilizokatwa kukingama nyuzi. Ukiloweka mwiko, maji huingia kwa njia ile ile iliyokuwa ikipitisha utomvu. Mti hufura ukilowa na husinyaa ukikauka, na mabadiliko hayo huwa makubwa kukingama nyuzi kuliko kufuata urefu wake. Ndiyo maana nyufa aghalabu huanzia nchani zikafuata urefu wa nyuzi. Ufa ukishatokea, mabaki ya chakula huingia humo mahali ambapo sifongo haifiki, na hapo uchafu unaosingiziwa mti hupata makao ya kweli.

Je, sayansi inasemaje kuhusu usafi wa mti na plastiki? Mnamo 1994, Nese Ak, Dean Cliver na mwenzao wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani walichapisha utafiti wao katika jarida la Journal of Food Protection. Walivipaka vibao vya mti na vya plastiki bakteria wa aina zinazowadhuru watu, wakiwamo Salmonella na Listeria. Jambo la kuzingatia ni kwamba mashauri rasmi ya wakati huo nchini mwao yalikuwa yakipendelea plastiki, na watafiti hawa walikusudia kutafuta namna ya kuufanya mti uwe salama kama plastiki. Walichokikuta ni kingine. Bakteria waliowekwa juu ya ubao walizama ndani ya mti pamoja na unyevu, na baada ya muda mfupi hawakuweza tena kupatikana juu yake. Huko ndani hawakuzaana, bali walikufa polepole. Plastiki mpya iliosheka vizuri. Lakini plastiki iliyokwisha kukatwakatwa kwa kisu ilihifadhi bakteria ndani ya makovu yake, na kuiosha kwa mkono hakukutosha.

Hebu tupime jambo hilo kwa hali ya jikoni mwetu. Ni nyumba ngapi zenye kibao cha plastiki kisicho na makovu? Kipya kinyemi, ingawa kidonda, walisema wahenga. Kibao cheupe kinachometameta dukani huonekana kisafi kwa sababu ni kipya. Baada ya mwaka mmoja wa vitunguu na sukumawiki huwa kimechanika na kubadilika rangi, lakini sifa ya usafi tuliyokipa siku ya kwanza hatuiondoi. Isitoshe, tafiti za miaka ya karibuni, ukiwamo mmoja uliochapishwa mwaka wa 2023, zimeonyesha kwamba kisu kikatacho juu ya plastiki hubandua chembe ndogondogo zake. Na mwiko wa plastiki ukiegemezwa kwenye ukingo wa sufuria iliyo motoni hulainika na kuyeyuka. Sijui mpishi wa sima aliyewahi kuusifu.

Hata hivyo, itakuwa si haki kuwabeza maafisa wa afya wanaoutilia mti shaka. Hoja yao ina uzito wake. Kigogo cha kukatia nyama katika bucha nyingi zetu ni aibu: kimeliwa na shoka mpaka kikawa na bonde katikati, nyufa zake zimejaa mafuta na damu ya wiki nzima, na nzi wamekigeuza kuwa baraza lao. Kuwaambia wateja wa bucha kama hiyo kuwa mti huua bakteria ni mzaha mbaya. Mafuta yaliyoganda huuzuia mti usinyonye unyevu, na ufa mpana si mshipa wa mti bali ni shimo la taka. Huko Marekani kwenyewe, kanuni za kielelezo za usafi wa vyakula hazikubali mti wowote tu uguse chakula katika biashara. Huruhusu mti mgumu ulioshikana nyuzi, kama mepo, kwa vyombo maalumu kama vile vibao vya kukatia na vya kusukumia unga. Tazama lakini hekima iliyomo: kanuni hiyo haikupiga marufuku mti. Imeuliza ni mti gani, na kwa kazi gani.

Swali hilo hilo ndilo tunalopaswa kujiuliza sisi. Mti mwepesi wenye vitundu vikubwa hunyonya maji na harufu upesi, na nyuzi zake huinuka zikachoma mkono. Mti mgumu ulioshikana, kama mzeituni wa porini, huvumilia miaka. Mwarobaini nao umekuwa ukichongwa sana tangu wahifadhi wa misitu walipoanza kuwahimiza wachongaji waache kuumaliza mpingo na muhugu; unafaa kwa vinyago, lakini uchungu wake unajulikana, na anayeuchagua kwa kijiko cha mchuzi na auonje kwanza. Anayenunua mwiko sokoni kwa kuangalia urembo wa mpini bila kuuliza ni mti gani, anafanana na mtu anayenunua ng'ombe kwa rangi ya ngozi.

Sasa nitaje miiko yenyewe kwa uwazi, maana makala ya kulaumu tu hayamfai msomaji. Kwanza, chombo cha mti kioshwe mara tu baada ya kutumiwa, kabla ya chakula kukauka juu yake. Maji ya moto, sabuni kidogo na kumbi la nazi au brashi ngumu vyatosha. Kisuguliwe kwa kufuata nyuzi, si kwa kuzikinga. Pili, kisilowekwe kamwe, wala kisiachwe ndani ya karai la vyombo vingine. Tatu, kipanguswe kwa kitambaa kikavu, kisha kisimamishwe wima mahali penye hewa na kivuli, ili pande zote mbili zikauke kwa pamoja. Kikikauka, kianuliwe. Nne, kibao cha nyama mbichi, kuku na samaki kiwe mbali na kibao cha mboga na mkate. Nyumba isiyoweza kuwa na viwili, na ikate mboga kwanza, nyama baadaye, kisha ikioshe kibao kwa maji yanayochemka.

Harufu ya samaki na vitunguu saumu isikimbiliwe kwa dawa kali za kung'arishia nguo. Chumvi ya mawe iliyosuguliwa kwa nusu ya ndimu hufanya kazi hiyo, na sababu yake ni ya kikemia: harufu ya samaki hutokana na viambata vya asili ya alkali, na asidi ya ndimu huvituliza. Bibi wa Kimvita aliyesugua mbuzi yake kwa ndimu hakuwa na maabara, lakini hakukosea.

Kuhusu mafuta, wengi huharibu kwa nia njema. Mti unaooshwa kila siku hupoteza mafuta yake ya asili na kuwa mkavu, hivyo ni vyema upakwe mara moja kwa mwezi au hata zaidi ukiwa mpya. Lakini mafuta ya kupikia ya alizeti au ya mahindi huchacha, na chombo kikabaki kinanata na kunuka. Mafuta safi ya nazi ni bora kwetu, kwa kuwa hayachachi upesi. Aliye Limuru au Eldoret asishangae akiyakuta yameganda, maana huganda chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Ayape joto kidogo, ayapake kwa kitambaa, ayaache usiku mmoja, na asubuhi apanguse yaliyobaki. Mwenye nta ya nyuki aiyeyushe pamoja na mafuta hayo, atapata ngao ya kuzuia maji iliyo bora zaidi. Mafuta ya kitani yanayouzwa katika maduka ya rangi yaachwe huko huko, kwani aghalabu huwa yametiwa kemikali za kuyakausha ambazo hazikukusudiwa kuliwa.

Kinu nacho kina desturi zake. Kinu kipya hakitwangiwi chakula siku ya kwanza. Hutwangwa pumba au nafaka isiyoliwa ili vumbi na vibanzi vilivyoachwa na patasi vitoke, kisha kikaoshwa na kukaushwa. Kikishatumiwa, kipanguswe hadi chini kabisa, maana huko ndiko unga hubaki ukachacha. Kisiachwe wazi nje mvua ikajaa ndani, wala kisisimamishwe juu ya udongo mtupu, kwa sababu hunyonya unyevu kutoka chini na kuwaalika mchwa. Mawe matatu au kipande cha ubao chini yake chatosha. Ama mbuzi, adui yake mkuu ni kutu ya ule ulimi wa chuma. Ukauke kabla mbuzi haijakunjwa na kuwekwa.

Wanaodai kuwa wazee wetu hawakujua usafi na watazame vibuyu. Wakalenjin hukiandaa kibuyu cha mursik kwa kukisafisha kisha kukisugua ndani kwa makaa ya vijiti vya senetwet. Wamaasai nao hutumia vijinga vya mzeituni wa porini, oloirien, kusafishia vibuyu vyao vya maziwa. Si kila kijiti kinachokubalika, wala si kila mtu huaminiwa kazi hiyo. Hapa pana uteuzi wa mti, utaratibu wa kazi, na istilahi za kuutajia utaratibu huo. Jamii isiyojali usafi haiwezi kuunda msamiati wa usafi.

Nao msamiati huo, kwa bahati mbaya, unapungua pamoja na vyombo. Mtoto asiyeuona upawa hatajua kuwa kikombe chake ni kifuu, wala kwamba wingi wake ni pawa. Asiyeona nazi ikikunwa atadhani mbuzi ana maana moja tu, yule mwenye pembe. Nahau "kutwanga maji kinuni" hukaririwa darasani ili kupasi mtihani, ilhali anayeikariri hajasikia mlio wa mchi hata mara moja. Siwalaumu watoto. Neno halikai hewani. Hukaa katika mkono unaolitenda.

Kuna pia suala la mali na mazingira. Mnamo Agosti 2017 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na dunia ikatusifu. Mwaka uliofuata, 2018, ukataji wa miti katika misitu ya umma ulisimamishwa, na amri hiyo ikadumu hadi ilipoondolewa mwaka wa 2023. Maamuzi hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja. La kwanza linatutaka tusijaze plastiki katika mito na majaa yetu. La pili linatukumbusha kuwa mti si mali isiyokwisha. Jibu linalokidhi yote mawili ni kukitunza chombo kidumu. Mwiko unaodumu miaka kumi umeokoa miiko tisa isichongwe. Huyo mchongaji wa Wamunyu hatapata hasara, kwa sababu mteja anayejua chombo kizuri hulipa bei inayostahili, badala ya kushindania shilingi mbili za kibanzi kitakachopasuka kabla ya Krismasi.

Basi tufanye nini? Walimu wa sayansi kimu waupe utunzaji wa vyombo vya mti nafasi yake, na si kwa nadharia pekee: mwanafunzi aoshe kibao, akianike, akianue. Maafisa wa afya wanapokagua mikahawa na bucha, waikague hali ya chombo kabla ya kulaani aina yake. Kigogo chenye mabonde na nyufa kiondolewe bila huruma, na kibao kizima kisafi kiachwe, kwani la kuvunda halina ubani, liwe la mti au la plastiki. Wachongaji na wachuuzi wamweleze mnunuzi, kwa maneno mawili matatu, ni mti gani na utunzwe vipi. Nasi wanaume, tunaopenda kuagiza sima ngumu na kuondoka mezani mikono ikiwa imepangusika, tukumbuke kuwa kuosha mwiko hakumpunguzii mtu ndevu. Mzigo huu ukiachiwa mama na msichana wa kazi peke yao, uchovu ndio utakaoutupa mwiko ndani ya karai la maji usiku.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa chombo cha mti methali hii haihitaji tafsiri: ufa wenyewe u pale, unaonekana kwa macho, nao huanza na usiku mmoja wa kulowa. Kabla hujaupeleka mwiko wako jaani na kwenda kununua wa plastiki, uchunguze. Ikiwa umepasuka na kuota ukungu hadi ndani, uage, maana hata mti una ajali yake. Ikiwa bado mzima, usugue, uanike, uanue, uupake mafuta, kisha urudishe kazini.